Je, Kujizuia ni Unyonge?



Jioni moja huku Nyanga, Bukoba, kijana mmoja alinijia baada ya mchezo wa kandanda, jezi yake ingali mbichi kwa jasho. Nilimtolea kahawa ya kutafuna, kama ilivyo ada ya kumpokea mgeni katika nchi hii. Akaitwaa, asiitafune. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza swali ambalo tangu siku hiyo sijaacha kulifikiri.

Katika mchezo ule mtu mmoja wa upande wa pili alimtukana tangu mwanzo hadi mwisho. Hakumtukana kwa uchezaji wake, maana kijana alicheza vizuri. Alimtukana kwa asili yake. Babu wa kijana huyu aliingia Buhaya zamani kutoka Burundi, akawa kibarua katika vibanja vya kahawa na migomba vya watu, akaoa, akazaa, akazikwa papa hapa. Baba yake alizaliwa hapa, na yeye mwenyewe alizaliwa hapa. Hata hivyo aliitwa mtu wa kuja, mtoto wa kibarua, na maneno mengine yasiyofaa kuandikwa.

Kijana hakujibu, wala hakuinua mkono. Mchezo ulipokwisha, wachezaji wa timu yake mwenyewe ndio waliomcheka. Walimwambia kuwa yeye ni mwoga, na kwamba mwanamume hatukaniwi ukoo wake akanyamaza. Basi akaniuliza: "Sheikh, nilijizuia kwa kuwa wewe ndiwe uliyetufundisha kujizuia. Je, nilifanya wema? Au mimi ni mnyonge tu, na unyonge wangu nimeupa jina la subira?"

Naam, hilo ndilo swali. Kama ningalimjibu kwa methali tu, kwamba subira yavuta heri, angalirudi kwao na swali lake lile lile mkononi. Ni swali la watu wengi. Ni la mtu aliyebadili njia ya maisha yake na nduguze wakamfanyia dhihaka; ni la mke anayesemwa na mawifi; ni la mfanyakazi anayedharauliwa mbele ya wenzake. Mwaka 1945 swali hili hili liliulizwa katika ofisi moja ya New York, na aliyeliuliza alikuwa mchezaji vilevile, aliyetukanwa kwa asili yake vilevile. Nilimsimulia kijana habari za mtu huyo, na leo nakusimulia wewe.

MCHEZO NA MPAKA WAKE

Huenda, ndugu msomaji, hujapata kuuona mchezo uitwao besiboli. Mtu mmoja hurusha mpira mdogo mgumu. Mwingine wa upande wa pili husimama na rungu la mti, akajaribu kuupiga. Akiupiga vema hulitupa rungu akakimbia kuvizunguka vituo vinne. Akirejea pale alipoanzia bila kutolewa, upande wake hupata alama moja. Mwaka 1845 klabu moja ya New York iliandika sheria ambazo mchezo wa leo umetokana nazo. Mwaka 1869 mji wa Cincinnati ukawa na timu iliyojitangaza wazi kuwa wachezaji wake wote wanalipwa, na mwaka 1876 ikaundwa Ligi ya Taifa.

Wamarekani waliufanya mchezo huu kuwa mchezo wa taifa lao. Wahamiaji maskini kutoka Ulaya waliona watoto wao wakihesabiwa kuwa Wamarekani kwa kuupiga mpira ule. Joe DiMaggio, mwana wa mvuvi kutoka Italia, akawa shujaa wa nchi nzima. Mlango ulikuwa wazi kwa wengi, lakini si kwa wote. Mwaka 1884 mtu mweusi, Moses Fleetwood Walker, alicheza katika ligi kuu akiwa na timu ya Toledo. Baada ya hapo mlango ukafungwa, na kwa zaidi ya miaka 60 hakuna mtu mweusi aliyeruhusiwa kuingia waziwazi. Wala hapakuwa na sheria ya ligi iliyoandikwa kuwakataza. Wenye timu walipatana tu, na kila mmoja aliyeulizwa alisema si yeye aliyekataza. Hiyo ndiyo dhuluma iliyo ngumu kuing'oa: ile ambayo kila mtu huitenda na hakuna anayekiri.

Weusi hawakukaa kulia. Mwaka 1920, mjini Kansas City, Rube Foster aliongoza kuanzishwa kwa ligi yao wenyewe. Humo walitoka wachezaji wa ajabu, na mmoja wao ni Josh Gibson, ambaye kwa kupiga mpira hakuwa na wengi wa kulingana naye, mweupe wala mweusi. Huyu hakuitwa kamwe kwenye ligi kuu. Alikufa Januari 1947 akiwa na umri wa miaka 35, miezi mitatu tu kabla mlango haujafunguliwa. Tafadhali lishike jina lake, maana tutalirejea.

MTU ALIYEJUA KUPIGANA

Aliyeufungua mlango aliitwa Jackie Robinson. Alizaliwa Georgia mwaka 1919, mjukuu wa watumwa, akalelewa na mama yake huko California. Asidhani mtu kwamba alikuwa mpole kwa tabia. Mwaka 1944, akiwa luteni wa jeshi huko Texas, dereva wa basi la kambi alimwamuru ahamie viti vya nyuma, akakataa. Alipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi, akajitetea, akaachiliwa bila hatia. Basi huyu alikuwa mtu anayeijua haki yake na asiyeogopa kuidai.

Mwaka uliofuata, tarehe 28 Agosti 1945, aliitwa na Branch Rickey, mkuu wa klabu ya Brooklyn Dodgers. Rickey alikuwa mzungu, Mkristo wa Kimethodisti aliyeshika dini yake hata asihudhurie michezo siku ya Jumapili. Alitaka kuvunja mpaka wa rangi. Alitaka pia timu yake ishinde na iingize fedha. Hakuficha hata moja ya haya. Alimweleza Robinson yatakayomkuta, kisha akayaigiza. Alijifanya mhudumu wa hoteli anayemkatalia chumba, akajifanya mchezaji anayemtukana, akamsogezea uso na kumtolea maneno machafu. Ndipo Robinson akauliza kama Rickey anatafuta mtu anayeogopa kujibu mapigo. Rickey akajibu kwamba anamtafuta mtu mwenye ushujaa wa kutosha kutokujibu.

Robinson alikubali. Mwaka 1946 alichezea timu ya Montreal, na tarehe 15 Aprili 1947, akiwa na umri wa miaka 28, aliingia uwanjani na Dodgers mbele ya watazamaji zaidi ya 25,000. Wiki moja baadaye timu ya Philadelphia ilikuja Brooklyn. Kiongozi wake, Ben Chapman, pamoja na wachezaji wake walimmwagia Robinson matusi ya rangi yasiyokoma. Robinson aliandika baadaye kwamba siku ile ndiyo iliyomkaribisha mno kuvunjika. Alipata barua za kutishiwa kuuawa. Hoteli iliyoipokea timu yake ikamkataa yeye. Naye akacheza. Mwisho wa mwaka alitajwa kuwa mchezaji mpya bora, na mwaka 1949 akawa mchezaji bora wa Ligi yote ya Taifa.

Matokeo yake hayakubaki uwanjani. Mwaka 1948 Rais Truman alitoa amri ya kukomesha ubaguzi wa rangi jeshini. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilitamka kwamba kuzitenga shule za serikali kwa rangi ni kinyume cha katiba. Sisemi kwamba mchezo ndio ulioleta hayo, maana wengi walikwisha kuyapigania kwa miaka mingi. Nasema kwamba mamilioni waliokuwa wakiambiwa haiwezekani walikuwa wamekwisha kuona, kwa macho yao, kwamba inawezekana.

MAANA YA SUBIRA

Sasa tupime. Neno subira lilitujia kutoka Kiarabu, na katika asili yake mna maana ya kuzuia, kuifunga nafsi isitoroke. Huwezi kumfunga mbuzi asiyekuwapo. Kadhalika hawezi kusemwa kuwa amejizuia mtu asiyekuwa na nguvu yoyote ya kuzuia. Katika habari za Robinson naona alama tatu zinazoitenga subira na unyonge.

Kwanza, mwenye subira anao uwezo wa kutenda lile analolizuia. Mnyonge hanyanyui mkono kwa kuwa mkono hauna nguvu, au kwa kuwa moyo umejaa hofu. Yule luteni aliyekataa kuhama kiti hakuwa na hofu.

Pili, mwenye subira ana shabaha. Robinson alijua kwamba ngumi moja tu ingaliwapa maadui neno walilokuwa wakilitafuta, nao wangalisema watu weusi hawafai kuchanganywa na wengine. Alijinyima raha ya dakika moja ili njia ifunguke kwa maelfu. Msamaha nao hupimwa kwa kipimo hicho. Ukimrekebisha mkosaji na kulinda haki, ni wema. Lakini ukimwongezea ujasiri wa kudhulumu, umegeuka kuwa msaada kwa dhuluma.

Tatu, subira ya namna hii ina mpaka wake. Mwaka 1949 Robinson alifunguliwa ahadi yake, akaanza kusema. Alibishana na waamuzi, akaandika, akawasaidia waliopigania haki za raia. Tarehe 15 Oktoba 1972, akiwa mgonjwa na macho yake karibu yamekwisha, aliheshimiwa mbele ya umati kwa kutimia miaka 25 tangu aingie ligi kuu. Hata siku hiyo ya sifa alisema kwamba angefurahi zaidi kumwona mtu mweusi akiongoza timu. Siku tisa baadaye alifariki, umri wake miaka 53. Kiongozi wa kwanza mweusi, Frank Robinson, alianza kuongoza timu mwaka 1975.

NANI ANA HAKI YA KUMWAMBIA MWENZIWE ASUBIRI?

Huenda mtu akasema: "Haya yote ni mazuri, lakini mbona aliyetakiwa kuvumilia ni yule aliyedhulumiwa? Mbona mzungu, aliyeketi ofisini, ndiye aliyemwagiza mweusi ameze matusi, naye akauza tiketi?" Pingamizi hili ni zito, wala si haki kulipita.

Jawabu la kwanza ni kukiri ukweli wake. Gharama ilikuwa kubwa, na hawakuilipa sawasawa. Timu ya Kansas City Monarchs, ambayo Robinson aliichezea mwaka 1945, haikulipwa chochote alipochukuliwa. Wachezaji bora walipohamia ligi kuu, ligi za weusi zilidhoofika zikafa, na pamoja nazo kazi na mali za weusi wengi. Timu ya mwisho ya ligi kuu kumkubali mchezaji mweusi, ya Boston, ilingoja hadi mwaka 1959. Na Josh Gibson je? Yeye alisubiri mpaka kaburini. Mwaka 2024 wasimamizi wa besiboli waliziingiza hesabu za ligi za weusi katika hesabu kuu, na ikaonekana kwamba wastani wa Gibson wa kupiga mpira ndio wa juu kuliko wa wote. Haki imemfikia miaka 77 baada ya kufa. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Gibson alipewa haki yake asipokuwa na mkono wa kuipokelea.

Jawabu la pili ni hili. Subira ni sadaka, na sadaka haitolewi kwa mfuko wa mtu mwingine. Mwenye kutukanwa anaweza kuichagua kwa ajili ya Mungu na kwa ajili ya shabaha njema. Lakini mwingine hana ruhusa ya kumwagiza aichague, kisha yeye mwenyewe akunje mikono. Rickey, pamoja na upungufu wake wote, hakukunja mikono. Alisimama dhidi ya wenye timu wenzake, akaufungua mlango aliomwambia Robinson aupite. Anayehubiri subira kwa mdhulumiwa bila kumgusa mdhalimu anamfunga kamba mdhulumiwa na kuiita kamba hiyo dini.

Tena lipo jambo moja la siku zile tatu za Philadelphia ambalo sijalitaja. Siku ya tatu, mchezaji mwenzake Robinson aitwaye Eddie Stanky, mzungu, alishindwa kuvumilia. Aliwageukia waliokuwa wakitukana, akawaita waoga, akawaambia wamchague mtu anayeweza kuwajibu. Tazama, ndugu msomaji: Robinson alinyamaza na Stanky akasema, na wote wawili walitenda sawa. Kunyamaza kwa Robinson kulikuwa ushujaa kwa sababu tusi lilikuwa lake. Kama Stanky naye angalinyamaza, kimya chake kisingaliitwa subira. Kusamehe tusi lako ni haki yako. Kusamehe tusi la mwenzako hukupewa.

KAHAWA MOJA

Mambo haya si ya mbali nasi kama yanavyoonekana. Mwaka 1959 Tom Mboya wa Kenya alipotafuta nauli ya kuwapeleka vijana kusoma Marekani, Robinson alitia saini barua ya kuwaombea michango, pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier. Septemba mwaka ule wanafunzi 81 waliruka. Mwanawe mdogo, David Robinson, alikuja kufanya makao Tanzania katika miaka ya 1980, akafyeka pori na kupanda kahawa huko Mbozi, nchi ambayo sasa ni mkoa wa Songwe, akaungana na wakulima majirani katika ushirika. Mtoto wa mtu aliyezuiwa mlangoni kwao alipokewa kwetu, akawa mkulima wa kahawa kama sisi. Na ng'ambo ya ziwa letu, vijana wa Lugazi, Uganda, walicheza Marekani mwaka 2012 katika mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, wakiwa timu ya kwanza kutoka Afrika kuyacheza. Miaka kumi baadaye klabu ile ile ya Dodgers, iliyokwisha kuhamia Los Angeles, iliandikisha wachezaji wawili kutoka Uganda. Mlango aliouvumilia mtu mmoja haujui nani atapita kesho.

Nilipokwisha kumsimulia, kijana aliniambia: "Basi mimi ninazo alama mbili. Ningeweza kumpiga, na nilijua kwa nini simpigi, maana tungalifungiwa timu nzima. Sheikh, kilichoniumiza si yule aliyetukana. Kilichoniumiza ni kwamba uwanja mzima ulisikia, na hakuna aliyesema neno."

Hapo ndipo nilipoinamisha kichwa. Maana, ndugu msomaji, nami nilikuwepo uwanjani. Nilikuwa nimesimama pembeni pamoja na wazee, nikasikia, na nikanyamaza. Niliiambia nafsi yangu kwamba mwalimu wa dini haingii katika ugomvi wa vijana. Niliuita ukimya wangu busara. Yeye alikuja kuniuliza kama kimya chake kilikuwa unyonge, kumbe chake kilikuwa subira, na unyonge ulikuwa wangu. Nilimwomba radhi, akanipa. Ndipo akaitafuna ile kahawa.

Kwa hiyo jawabu langu ni hili. Ukitukanwa wewe, jizuie ukiwa na nguvu, ukiwa na shabaha, na ukijua siku ya kusema. Wala usimjali anayekucheka. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, na kuchutama kwake hakumwondolei uungwana. Lakini akitukanwa jirani yako mbele yako, kwa kabila lake, kwa umaskini wake, kwa dini yake au kwa kaburi la babu yake, hapo usitafute jina zuri la kukipa kimya chako. Fungua kinywa, kwa adabu na bila ngumi, useme: huyu ni mwenzetu. Kama sote tungalisema hivyo mapema, Josh Gibson asingalingoja miaka 77, na kijana wetu asingaliibeba subira peke yake.

Mwenyezi Mungu atupe nguvu ya kuzuia mikono yetu tunapoudhiwa, na ujasiri wa kufungua vinywa vyetu anapoudhiwa mwingine. Amin.